Rafiki niliyempata safari ya tabligh haji tena Maulidi. Nimwendee Siyu au nimwache?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum jamaani. Swali langu fupi, maelezo yake marefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa nakshi, nachonga milango hapa Langoni. Nimezaliwa nyuma ya msikiti wa Riyadha, ule wa Maulidi, na twari, ngoma ya maulidi, nimelishika kabla ya kalamu. Jirani yangu ni mtu wa tabligh, wale wanaotembea msikiti hadi msikiti wakiwalingania Waislamu wenzao. Alinifuata, akanifuata, kila alasiri yuko barazani kwangu, mpaka nikakubali kutoka chilla, zile siku arobaini. Najua wako watakaouliza mtoto wa Riyadha alikuwa akitafuta nini huko. Mke wangu aliuliza hivyo hivyo. Niseme tu kwamba kazi ilikuwa imelala na kichwa hakikuwa sawa, nikaona bora nitoke nikamwombe Mungu kuliko kukaa dukani nikitazamana na wageni wasionunua.

Tulipangiwa upande wa mdomo wa Tana: Witu, Kipini, kisha tukaingia mtoni hadi Kau na Ozi. Kwa asiyejua, jamaa, yaani kundi linalotoka pamoja, haina mfadhili. Kila mtu hutoka na nauli yake, pesa yake ya chakula na matandiko yake begani. Mnalala msikitini kwa nia ya itikafu. Baada ya alfajiri mnakaa mashura, yaani kushauriana: nani leo atasoma taalimu, kile kisomo cha pamoja, nani atatoka jaula baada ya alasiri kupita nyumba kwa nyumba, nani atatoa bayani, yaani mawaidha, baada ya magharibi, na nani atashika khidma, yaani jikoni. Amiri, kiongozi wa safari, ni mwenzenu tu, na akipenda atakupanga na mtu ambaye usingemchagua.

Mimi nilipangwa khidma na mzee mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, fundi wa makubadhi, rika la ami zangu. Kati yetu hakuna aliyejua kupika. Pale Kipini tulitoa wali juu maji, chini mkaa, na wenzetu wakaula kimya, maana adabu za jamaa hukataza kukitia chakula ila. Nikamwona mzee mabega yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anajizuia kucheka. Nikashindwa na mimi, tukatoka nje wawili tukaegemea ukuta wa msikiti mpaka amiri akaja kutuuliza kuna nini.

Lakini urafiki wenyewe uliletwa na Fatiha. Kwenye taalimu huwa kuna halaka ya kusomeshana sura fupi, watu wawili wawili. Mzee akasoma, nikasikia herufi haziko mahali pake, nikanyamaza, maana nitamsahihishaje mtu wa umri ule mbele ya vijana? Usiku tuko Ozi, mbu wamejaa, chandarua kimoja tumekigawana. Akaniambia polepole, "Mwanangu, nimeuona uso wako mchana. Nisomeshe, ila wasisikie hawa." Basi ikawa kila usiku taa zikizimwa yeye ananong'ona aya na mimi namrudishia, mpaka "waladh-dhwaalliin" yake ikanyooka. Mtu ana wajukuu! Tangu hapo hakuniita jina tena, ni "mwalimu wangu". Mimi, ambaye hata vijana ninaowafundisha nakshi hunikimbia.

Tuliporudi, wale wengine tulibaki na kundi la WhatsApp. Lilianza na salamu za kweli, sasa ni dua za kupitishiana na picha za maua kila Ijumaa. Dereva mmoja wa tuktuk wa Malindi bado hupiga simu, na yeye hupiga akiwa na shida ya vipuri. Mzee wa Siyu ndiye aliyekuja. Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, alivuka na wajukuu wake wakalala kwangu wiki nzima ya Maulidi. Watoto wakikimbilia mbio za punda, yeye kwenye Maulidi ya Habshi anakaa safu ya nyuma na mwili unayumba na matari. Kabla ya kuondoka huwapima watoto wangu miguu kwenye vipande vya boksi, na akija tena analeta makubadhi ya kila mmoja.

Sasa mwanawe amerudi kutoka masomoni, anasomesha msikitini kwao, na kwake yeye maulidi ni bidaa, uzushi katika dini. Mzee amemfuata. Mfungo Sita uliopita nimeshatayarisha chumba, akapiga simu. "Mwalimu wangu, sitakuja. Sina neno nawe. Lakini chakula cha shughuli ile siwezi kukila." Nikamwambia hakuna ubaya. Na kweli hakukata, kila mara mabaharia huniletea papa mkavu kutoka kwake. Nami nikampelekea halua, kisha nikakaa nikijiuliza kama atadhani ni ya maulidi akawagawia majirani.

Kinachonishughulisha ni hiki. Tukiwa njiani kuna kanuni, kila aliyetoka anaijua: hakuna siasa, hakuna ikhtilafu, yaani tofauti, za masheikh. Katika jamaa yetu walikuwamo watu wa kila mwelekeo, na wote mkono ulikuwa sinia moja. Hapa nyumbani kanuni ile haipo, na kila mtu ana simu yenye mawaidha ya kumkosoa mwenziwe.

Je, nimwalike tena mwaka huu? Nimwendee kwake? Au nimwache na amani yake? Na nyinyi mliowahi kutoka, au kutumwa na kanisa, sichagui, urafiki wa huko ulidumu vipi mliporudi majumbani?

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Kaka, pole, lakini mbona umeshajibiwa? Mtu amesema haji. Ukimwalika tena unamlazimisha akatae mara ya pili, na mzee wa rika lile kukataa mwaliko kunamuuma yeye kuliko wewe.

Mimi ningemwacha. Hizi siku tatu tatu nimezitoka, na wengi niliolala nao msikitini tukikutana sokoni tunaulizana hali, kila mtu na kikapu chake. Urafiki wa safari uache safarini. Papa kula.

Amiri wa Zamani (Malindi)

Mwanangu wa Langoni, wa alaykum salaam. Umeeleza vizuri, na wali wa namna hiyo nimeula mara nyingi.

Huyo kijana wa Mkomani simlaumu, siku tatu hazitoshi hata kumjua mtu akikoroma. Chilla ni jambo lingine. Mkipita siku ya kumi hivi kila mtu anachoka kujionyesha mwema. Hasira zinatoka, ubahili unatoka, mwingine anaficha sukari. Mkivuka hapo mkiwa bado mnasalimiana, basi huyo mwenzako umemwona alivyo.

Sasa kanuni yenyewe. Usidhani iliwekwa kwa ajili ya njiani tu. Maulana Ilyas alipoanza kazi hii Mewat, karibu na Delhi, miaka ya 1920, alikuwa na watu ambao wengi wao hata kalima ilikuwa nzito. Angeanza na ikhtilafu za wanavyuoni, asingefika kijiji cha pili. Ndiyo maana katika zile sifa sita za tabligh ikramu ya Mwislamu, yaani kumheshimu, imesimama peke yake, haikuwekewa sharti kwamba awe anakubaliana nawe. Hilo tunalihubiri barazani kwa watu. Sisi wenyewe je? Tangu mvutano wa Nizamuddin, makao yetu ya Delhi, na upande wa shura, wanaotaka uongozi wa baraza, mwaka 2018 watu wakapigana Tongi kule Bangladesh, watu wa tabligh kwa watu wa tabligh. Nami nina mwenzangu wa miezi minne aliyekwenda upande wa pili. Usiku wa Ijumaa yeye ana markazi yake, kituo cha kukutania, mimi yangu.

Tulichofanya, na hatukukaa kikao kukipanga, ni kupeana kazi. Kuna msikiti mdogo upande wa Marereni ambao tuliwahi kufikia pamoja. Kila Shaabani tunakwenda kuupaka chokaa. Tunabeba ndoo, brashi, na mkate wa kula chini ya mwembe. Mtu akiwa juu ya ngazi na mwenzake ameishika, nani atakumbuka kubishana? Tunazungumza bei ya chokaa na magonjwa yetu.

Kwa hiyo usimwalike Maulidi, na usimwache. Nenda Siyu, lakini usiende Mfungo Sita, asije akadhani umekwenda kumtafutia hoja. Wakati wa swala ukiingia mko peke yenu, mtangulize yeye aswalishe. Wewe simama nyuma yake uisikilize Fatiha yake.

Bibi wa Mambrui

Kaka yangu wa Langoni, nimesoma mpaka mwisho, na amiri nimemsoma. Nyinyi wanaume mkisema jamaa mnafikiri misikiti tu. Sisi masturati, yaani wanawake, nasi hutoka, na mambo yetu ni mbali na yenu.

Nilitoka na mume wangu kwenda upande wa Hola. Wanaume walilala msikitini, sisi wanawake tukawekwa nyumba moja ya mama wa Kiorma, na wanawake wa mtaa wakawa wanakuja pale kwa taalimu. Basi huyo mwenye nyumba ndiye rafiki niliyempata, wala hakuwa msafiri mwenzangu. Kiswahili chake kidogo, Kiorma changu hakuna kabisa. Alinikuta uani nafua kanga, akaninyang'anya. Siku ya pili mimi nikamnyang'anya sufuria. Mwenyeji na mgeni mkishanyang'anyana kazi, hakuna tena mgeni. Alinifundisha kufukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi, mimi nikamsonga nywele.

Urafiki huo umedumu kwa sababu ya watoto. Binti yake alipopata shule huku Malindi alikaa kwangu, akanililia nyumbani kwangu usiku wa kwanza, nikamkemea kama wangu. Wangu naye likizo huenda Hola anarudi ameota mwili kwa maziwa. Sisi wenyewe kuonana ni nadra. Lakini hakuna wiki inayopita bila habari, kwa kuwa kuna mtoto wa kuulizia.

Sasa nikuulize. Umemtaja mzee, umetaja mwanawe, umetaja wajukuu, mpaka papa mkavu umemtaja. Mkewe yuko wapi? Mkeo na mkewe wanajuana? Mlango wa nyumba hufunguliwa na mwanamke, kaka.

Na amiri anisamehe, kwa hili la kunyamaza simo. Kazi ya chokaa ni nzuri, lakini jambo lisilosemwa nalo lina mwisho wake. Mimi na mwenzangu wa Hola tuligombana kwa maneno, tena hadharani, kwa sababu ya ngoma katika harusi ya mpwa wangu. Alisema haingii, akakaa chumbani na watoto. Nikamfuata na sahani mkononi nikamwambia, "Ngoma hutaki, pilau je?" Akala. Mzee wako amekwambia wazi kwamba hana neno nawe, tatizo ni chakula cha shughuli. Mtu anayekueleza wazi hivyo hajakukimbia. Miezi mingine kumi na mmoja ipo, mwalike hata Mfungo Nane umpikie samaki wa kupaka ambaye hakuna shughuli iliyomhusu. Na mwambie wazi kwa nini umemwalika mwezi huo. Atacheka.

Katekista Mstaafu (Malindi)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mkatoliki, lakini ndugu amesema hachagui, nami huko Tana nimekutembea sana kwa miguu nikifundisha sakramenti, na mbu wa Ozi nawajua ingawa mwaliko wao ulinijia nikiwa Ngao.

Nimesoma habari ya kutofautiana nikakumbuka wale wamisionari, Krapf na Rebmann wa Rabai, karibu na Mombasa. Si wa kanisa langu hao, walikuwa Wajerumani waliotumwa na jumuiya ya Waanglikana wa Uingereza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto mchanga. Miaka miwili akabaki bila mwenzake Mzungu, ndipo Rebmann akaja mwaka 1846, wakajenga Rabai wote wawili wakitetemeka homa. Mwaka 1848 Rebmann akauona Kilimanjaro na theluji yake, mwaka uliofuata Krapf akauona Mlima Kenya. Wataalamu wa London, waliokuwa wamekaa vitini mwao, wakawacheka kwamba theluji hiyo wameiota. Kuchekwa pamoja nako huunganisha watu.

Lakini kazini hawakukubaliana. Krapf alitaka mlolongo wa vituo vya misheni kukata bara zima, kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann aliona bora ukae mahali pamoja, ujifunze lugha, uchimbe msingi. Halikuwa jambo dogo kwao, lilikuwa maana ya kuitwa kwao. Krapf akaondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki mpaka 1875, macho karibu yote yamekwisha. Aliporudi Ujerumani unajua alikwenda kukaa wapi? Korntal, mji ule ule aliokaa Krapf. Akafa mwaka uliofuata, na Krapf akamfuata mwaka 1881.

Yangu haina fahari hiyo. Mwenzangu niliyetumwa naye miaka mingi alihamia kanisa la kipentekoste, akabatizwa upya baharini, na sasa anahubiri kwa kipaza sauti kwamba sisi tunaabudu sanamu. Tunakutana matangani tu. Kwa bahati, matanga huku Kilifi hayakosekani. Tunakaa mkeka mmoja, ananiuliza magoti, namuuliza presha, na kipaza sauti kiko kwa mwingine. Mimi naona inatosha, ingawa mke wangu anasema ni unafiki wa watu wawili.

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Katekista, kwa hiyo unamshauri nini? Maana huyo Rebmann alirudi akiwa haoni. Mtu asiyeona hachagui sana pa kukaa.

Katekista Mstaafu (Malindi)

Ujerumani ni kubwa, kijana.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Nimewasoma nyote na nawashukuru. Dada wa Mambrui, umenifedhehesha kwa heri. Mke wangu alichukua simu yangu akasoma maneno yako, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe yeye na mke wa mzee wanazungumza kila wiki! Wanajuana tangu Maulidi ya kwanza, walipomenya vitunguu pamoja. Anajua habari za Siyu kuliko mwenye boti. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Uliniuliza?"

Na habari zenyewe ni hizi. Mzee anaongeza chumba kwa ajili ya mwanawe huyo huyo, na anataka mlango wa mbambakofi wa kuchonga, si wa mbao za dukani. Amekwisha kuwaambia wanawe kwamba hakuna mtu mwingine atakayeuchonga. Ila anaona haya kuniita kazi baada ya kuukataa mwaliko wangu, akahofu nitaufanya bure kwa kumwonea aibu, au nitaukataa. Sasa anasubiri. Anasubiri nini, mke wangu anasema hata mkewe hajui.

Nitakwenda kupima. Amiri, hili la kumtangulizia swala umeniwahi, nalo nitalifanya. Dada, hili la kusema wazi nalo nitalijaribu, lakini baada ya kupima mlango, si kabla. Mwanawe atakuwapo pale, na tukianza na bidaa hatutafika kwenye vipimo. Nakshi pia nitamuuliza kijana mwenyewe, kwa kuwa chumba ni chake. Asipotaka maua nitamchongea mistari. Miimo ya milango ya zamani ya Siyu nimeiona, mistari peke yake inaweza kupendeza mtu akawa na subira.

Katekista, magoti yako yapate nafuu.

Kijana wa Mkomani (Lamu)

Utamtoza?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Mbao atanunua yeye. Kazi ya mkono atalipa bei ya mtu wa nyumbani, na asipolipa kabisa mke wangu atampigia mkewe simu. Swali la mwisho: nani hapa amepita juzi juzi, boti za kwenda Mtangawanda, gati ya Pate, bado zinaondoka asubuhi?

Amiri wa Zamani (Malindi)

Zinafuata maji, mwanangu, hazifuati saa. Mlango-bahari wa Mkanda ukikauka boti hainyanyuki. Mtafute nahodha usiku wa kuamkia safari umuulize mwenyewe. Na bebeni wali mkavu wa njiani. Upikiwe na mkeo, tafadhali.